Safura, Sauda na Vidonge vya Mdogo Wangu

Maneno ya hospitali niliyaweka kwenye boksi la viatu. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kila kadi mistari minne: neno lenyewe, lilikotoka, maana yake ya leo, na nani aliyenieleza. Mstari wa nne ndio nilioujali zaidi. Mtangazaji asiyekumbuka nani kamwambia jambo hapaswi kulisema jambo hilo redioni.

Natangaza katika redio ndogo hapa Chake Chake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na kipindi cha robo saa kila Alhamisi, kabla ya adhana ya adhuhuri, kinachoeleza maneno ya tiba yametoka wapi na yana maana gani. Kilianza kwa jambo dogo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikisubiri kumhoji daktari, mzee mmoja akatoka ndani na karatasi mkononi. Mkewe akamuuliza, "Una nini?"

"Ameandika humu."

"Ameandika nini?"

"Kizungu."

Wakaondoka na ile karatasi kama watu waliobebeshwa mzigo wa mtu mwengine. Siku ile ile nilinunua kadi.

Niliipenda kazi ile, na niliifanya vizuri, sioni haya kusema. Niliwaambia wasikilizaji kwamba malaria ni maneno mawili ya Kitaliano yaliyoungana, hewa mbaya, kwa kuwa watu wa huko walidhani homa inatoka kwenye harufu ya vinamasi na mbu hawakumfikiria kabisa. Bakteria asili yake ni kijiti, kwa Kigiriki, kwa sababu waliotazamwa mwanzo chini ya hadubini walikuwa wamenyooka hivyo. Chanjo ni neno letu wenyewe. Limetokana na kuchanja, na linakumbuka zama ambazo kinga ya ndui iliingizwa kwa kukwaruza ngozi. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na Wagiriki kabla yao nao waliita maradhi hayo kaa, kwa vile uvimbe ulionekana kama umetoa miguu. Siku ya kadi hiyo alipiga simu mvuvi mmoja wa kisiwa cha Kojani, akasema hewani, "Bi mtangazaji, kaa wetu siye tunamla. Huyo wenu ndiye anayetula." Fundi mitambo alicheka mpaka nikalazimika kuweka kaswida.

Neno ambalo sikupata asili yake niliuacha mstari wa pili wazi. Kadi ya kichocho iko wazi mpaka leo, ingawa kila wiki hupigiwa simu na mtu anayeapa kwamba yeye ndiye anayejua.

Kadi iliyoniponza ni ya safura. Ami yangu wa Pujini, mkulima wa mihogo, ana daftari la tiba la babu yake lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na siku moja alinisomea kurasa mbili tatu, huku akiniambia nisiliguse kwa mikono yenye mafuta. Humo mlikuwa na vitu nilivyokuwa nikivisikia vipande vipande tangu utotoni. Matabibu wa zamani, Wagiriki na baada yao Waarabu, walisema mwili una maji manne: damu, balghamu yaani makohozi, safura na sauda. Safura ni nyongo ya manjano, na jina lenyewe ndilo manjano kwa Kiarabu. Siye tumelichukua tukampa mtu mwenye minyoo aliyepauka na kuvimba uso. Sauda ni nyongo nyeusi, na tabia yake ni baridi na ukavu. Alipofika hapo nikaruka kwenye kiti, kwa sababu nilielewa tulikotoa jina la baridi yabisi: yabisi ni kavu. Bibi yangu aliyekuwa akilalamika magoti kila msimu wa mvua alikuwa akizungumza lugha ya matabibu hao bila ya kujua.

Nilikitayarisha kipindi kwa mpango wangu wa kawaida. Nusu ya kwanza, waliyoamini watu wa kale. Nusu ya pili, kwa nini madaktari wa leo wameacha kuamini, na kwamba yaliyobaki ni majina tu. Nusu ya kwanza ikaninogea. Nikaeleza maji manne moja moja. Nikaeleza kwamba walisema sauda ikizidi humkausha mtu, humtia unyonge na huzuni, na dalili yake kubwa ni weusi katika kile kinachotoka mwilini. Hapo nikatazama saa. Zilikuwa zimebaki sekunde chache. Redioni kwetu kila kitu kinaweza kusubiri isipokuwa adhana. Nikasema, "Yaliyobaki Alhamisi ijayo, inshallah," na muadhini akaingia.

Alhamisi iliyofuata kipindi kilipisha mashindano ya kusoma Kurani. Na iliyofuata pia, kwa kuwa mashindano yalifika fainali. Sikuona tatizo. Kadi zilikuwa zimepangwa, nusu ya pili imeandikwa, haiozi.

Wiki ya tatu mdogo wangu alikuja mjini kliniki. Ameolewa Kojani, na wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza, imebakia mwezi mmoja na nusu. Nilimpokea kituoni nikashituka. Alikuwa amepauka midomo, na kutoka kituoni mpaka hospitali alisimama mara tatu, kila mara akijifanya anatazama vitenge vya watu.

Mkunga aliyekuwa zamu ni mama mzima, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Alimvuta kope la chini, akatazama, akamchoma kidole, akaenda, akarudi na karatasi. Akaiweka karibu na kadi ya mwezi uliopita.

"Bibie, damu yako mwezi uliopita ilikuwa ndogo, nikakupa vidonge. Leo ni ndogo zaidi. Vidonge unakunywa?"

Mdogo wangu akatazama sakafu.

"Sikiliza," mkunga akasema. "Kuzaa hakuna asiyetokwa na damu. Mwenye nayo inamtoka, anakaa kitako, ananywa uji. Weye kwa hii uliyonayo, ikikutoka kama inavyowatoka wenzio, sijui nitakurudisha kwa nini. Nna wiki sita. Nenda ukanywe vidonge, kwa maji ya ndimu au chungwa, si kwa chai. Na kuzaa, uje uzalie hapa."

Tulipotoka nikamkalisha kivulini pembeni ya duka la dawa. "Kwa nini hunywi?"

"Nilikunywa, dada. Nikaacha."

"Kwa nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si weye uliyesema?"

Alinieleza taratibu, na kila neno likanishuka kama jiwe. Alianza vidonge, na baada ya siku chache choo chake kikawa cheusi kama wino. Alikuwa mnyonge, moyo mzito, ngozi kavu. Alhamisi ile alikuwa amekaa na mama mkwe wake wakisuka ukili wa mikeka, redio imefunguliwa kwa sababu anayetangaza ni dada wa mkwe. Wakasikia sauda. Wakasikia baridi na ukavu, unyonge, na weusi katika kinachotoka mwilini. Mama mkwe akaweka ukili chini. "Hayo ndiyo yako," akasema. "Hivyo vidonge vinakuchochea sauda." Akavichukua, akavitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati. "Tungoje dada yako amalize Alhamisi ijayo. Mtu aliyeanza vizuri hivyo atatwambia na dawa yake."

Wiki tatu walikaa wakisubiri nimalize.

Nikamwambia palepale kwamba sauda haipo. Kwamba ni imani ya kale, na weusi ule unaletwa na vidonge vyenyewe, hauna dhara. Akatikisa kichwa. "Mie nakuamini. Lakini vidonge viko juu ya kabati, na kabati liko chumbani kwa mama. Nikivinywa kwa siri akajua, nitakaa vipi mle ndani? Kamwambie mwenyewe."

Nikaomba ruhusa kazini. Asubuhi ya pili tulipanda gari mpaka pwani ya mashariki, tukavuka kwa mtumbwi. Boksi la viatu nilikuwa nimelipakata, limefungwa kwa kamba. Njiani niliyapanga maelezo yangu kwa utaratibu: kwanza Wagiriki, pili Waarabu, tatu hadubini, nne mzunguko wa damu. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyepotezwa na maelezo atarudishwa na maelezo.

Nyumba za Kojani zimebanana, na ya shemegi yangu iko ndani kabisa, uani kwake pana nafasi ya mikeka miwili na majiko matatu. Tulimkuta mama mkwe, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, ameinamia sufuria kongwe juu ya moto. Nikabisha hodi, nikatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Ala! Kumbe mtangazaji ndiye huyu? Redioni una sauti ya mtu mnene."

"Ndiye mimi, mama."

"Basi kheri umekuja mwenyewe. Ulituacha njiani. Sauda tumeshaiona, dawa yake nini?"

Nikafungua boksi. Nikaanza na Wagiriki. Alinisikiliza kwa adabu, akikoroga. Nilipofika kwenye hadubini akaniambia, "Sogeza mguu, utaunguzwa na majivu." Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, unasema vizuri. Hata ule mwanzo ulisema vizuri vile vile. Sasa mie nishike lipi? La Alhamisi ile, au hili la leo ulilokuja nalo baada ya mkwe wangu kuzidiwa?"

Na kwa kweli hakuwa amekosea. Sauti ilikuwa ile ile, hakika ile ile.

"Wee unadhani mie simtakii mema huyu?" akaendelea, sauti imeshuka. "Mwanangu wa kiume mmoja, na tumbo hili ndilo la mwanzo. Nimekiona kile choo kwa macho yangu. Kitu cheusi kikitoka kwa mtu, unamwambia aendelee?"

Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo. Nilimtazama midomo, na nikajua kwamba nikiondoka pale bila ya lile kopo kushuka kutoka juu ya kabati, itakuwa mimi ndiye niliyemwangusha.

Nikafanya ninalolifanya ninapokwama: nikatazama kazi inayofanywa mbele yangu, nikauliza.

"Unapika nini, mama?"

"Rangi ya ukili."

Ndani ya sufuria mlikuwa na magome ya mkoko yaliyochemka mpaka maji yakawa mekundu ya kahawia, mfano wa chai iliyokolea. Ukili ulikuwa umekunjwa vishada kando yake. Nikamuuliza mbona mikeka ya pale ndani ina mistari myeusi, na haya maji ni mekundu.

"Ngoja." Akaingia jikoni akatoka na ndoo ndogo ya plastiki. Ndani yake misumari mikongwe ya mashua, imeoza kutu, imezama kwenye maji ya rangi ya kutu, na vipande vya ndimu vinaelea. "Haya ni maji ya kutu. Siku nne hizi." Akachota upawa mmoja akamimina kwenye sufuria. Maji mekundu yakageuka mbele ya macho yangu. Hayakupita kwenye rangi nyengine. Yalikuwa mekundu, yakawa meusi.

"Nini kimefanya weusi?" nikauliza.

"Chuma. Gome peke yake jekundu. Chuma peke yake hiki unachokiona, kutu. Vikikutana ndio weusi."

"Na ndimu ya nini?"

"Chuma hakitoki kwenye msumari kwa maji matupu, utangoja mwezi. Ndimu ndiyo inayokitoa." Alisema kwa kuchoka kidogo, kama anayemfundisha mtu kuvaa kanga.

Nikainuka. "Mama, naomba unishushie lile kopo."

Akanitazama, akamtazama mkwewe, akaingia ndani. Vidonge vilikuwa bado kwenye pakiti yake. Niliigeuza pakiti nikatafuta jina la dawa, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo ambalo hakuna anayelisoma. Nilikuwa na kadi ya Kilatini iliyolifafanua, na sikuwahi kuisoma redioni kwa kuona haina mvuto. Nikamwonesha neno la kwanza. "Hili limetokana na ferrum. Ni Kilatini. Maana yake chuma."

"Mie nilidhani jina la mwenye kiwanda," mdogo wangu akasema kutoka mkekani.

Mama mkwe hakucheka. "Chuma? Humu?"

"Chuma. Damu yetu ina chuma, ndicho kinachoifanya iwe nyekundu. Yeye chake kimepungua. Vidonge hivi ni chuma kilichopikwa mtu aweze kukila."

"Maneno tena," akasema. Lakini mkono ulikuwa tayari umeshachomoa kidonge kimoja. Alikiweka juu ya kinu kidogo cha viungo akakiponda. Ganda lake jekundu likapasuka, ndani ungaunga wa kijivujivu. Gilasi ya chai ya rangi aliyokuwa akinywa ilikuwa imebakia nusu. Akautia humo ule unga, akakoroga kwa kijiti, akakaa kitako.

Tulikaa watu watatu tukitazama gilasi ya chai. Mwanzo haikuwa kitu. Kisha chini pakaanza kuiva, pakapanda, na chai yote ikawa nyeusi. Ilikuwa rangi ile ile iliyokuwa kwenye sufuria.

"Subhanallah," akasema polepole. Akaichukua gilasi akaitazama kwenye mwanga. "Hii si sauda. Hii rangi yangu mwenyewe."

Halafu akakasirika, na sikutegemea atamkasirikia nani. "Sasa mbona hospitali hawasemi? Kila siku vidonge vya damu, vidonge vya damu. Wangenambia ni chuma, mie ningeuliza kitu gani? Mie na chuma tunajuana tangu sijaolewa!" Akamgeukia mkwewe. "Na weye ulikuwa ukivinywa na nini?"

"Na chai. Asubuhi."

"Na chai! Si ndiyo kimekamatwa huko huko? Chuma kikishakutana na rangi hakitoki tena, ukili utaufua mpaka uchanike. Kimekwenda chote chooni." Akaitazama ndoo ya misumari na vipande vya ndimu vinavyoelea. Nilimwona anafika kabla sijamwambia. "Ndimu," akasema. "Anywe kwa ndimu."

"Mkunga naye kasema hivyo hivyo."

"Kasema, lakini hakusema kwa nini."

Nilitaka kumrekebisha kidogo, kwa sababu mwilini mambo si sawasawa na sufuriani, na choo huwa cheusi hata kwa anayevinywa kwa maji. Nikamweleza hilo, kwamba asishituke weusi ukirudi, kwani si chuma chote kinachopokewa na kinachobaki lazima kitoke. Akakubali mara moja. "Najua. Hata ukili hauli rangi yote. Inayobaki unamwaga."

Kidonge cha kwanza mdogo wangu alikimeza mbele yetu, kwa gilasi ya maji ya ndimu chachu kiasi cha kumkunja uso. Mama mkwe wake alisimama juu yake kama polisi. Tangu siku hiyo, nilivyoelezwa, chai ilipigwa marufuku kwake mpaka alasiri, na kila mchana akipikiwa dagaa na mboga ya mtoriro apende asipende.

Alhamisi iliyofuata nilianza na mwisho. Kabla ya salamu, kabla ya jina la kipindi, nilisema: sauda haipo, ni jina la kale la kitu ambacho madaktari walikitafuta mwilini wasikione, aliyeacha vidonge vya damu kwa maneno yangu arudi kuvinywa leo. Nikasema kwamba kosa lilikuwa langu, niliikata habari pasipokatika. Baada ya hapo ndipo nikasalimia. Tangu wakati huo kadi zangu zina mpangilio mwengine: maana ya leo iko juu, asili iko chini. Adhana ikiingia, itakata historia.

Nilitaka kuirekodi sauti ya mama mkwe akielezea sufuria yake. Alikataa katakata. "Sauti yangu ya kuitia kuku. Sema weye, lakini safari hii umalize."

Alikuja mjini mwenyewe na mkwewe kwenye kliniki iliyofuata, kabeba chupa ya maji ya ndimu kikapuni. Mkunga akavuta kope, akachoma kidole, akaenda, akarudi. Aliweka karatasi ya mwezi ule kando ya zile mbili. Sikuona namba, niliona uso wake.

"Imepanda," akasema. "Haijafika ninapopataka, lakini imepanda. Endelea hivi hivi."

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, hospitali, alfajiri. Damu ilimtoka kama inavyowatoka wenzake, akakaa kitako, akanywa uji.

Mimi nilifika asubuhi na chupa ya uji wa pili, nikampita mama mkwe wake nje kwenye benchi la wagonjwa, lile lile lililonifanya ninunue kadi. Hakuniona. Binti mmoja mjamzito alikuwa ametoka ndani na pakiti mkononi, anaigeuza huku na huku, na mwenzake akamuuliza amepewa nini.

"Sijui. Wameandika Kizungu."

"Lete hapa," mama mkwe akasema, akanyoosha mkono. Aliitazama pakiti, asiyejua kusoma hata herufi moja ya yale maandishi, akapapasa kidonge kwa kidole gumba, akairudisha.

"Chuma hicho, mwanangu. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na chai weka mbali."

Nikakaa kwenye ncha ya benchi, nikatoa kadi mpya ya neno chuma, nikajaza mistari mitatu. Wa nne nikaandika: mpika rangi, Kojani.